Pambo la Wanaobaki Zamu

Ukipita mitaani siku hizi utaona mikrismasi imeanza kuwaka. Nazungumzia ile miti ya barabarani yenye kivuli kipana kama mwavuli na maua mekundu, iliyotoka kisiwa cha Madagaska, na ambayo watu wa hapa waliipa jina la sikukuu kwa kuwa kila Novemba ikielekea ukingoni huchanua bila kukumbushwa na mtu. Nikiiona tu, najua kuwa kwenye ofisi fulani, karakana fulani au wodi fulani, kuna mtu ameanza kuuliza: “Jamani, lile boksi la mapambo tuliliweka wapi?”

Leo nataka tuzungumze juu ya boksi hilo.

Karibu kila mahali pa kazi nilipopita palikuwa nalo. Huwa juu ya kabati la mafaili au chini ya ngazi, limefungwa kwa kamba ya katani. Ukilifungua unakuta zile kamba za kumetameta zimeanza kupukutika, maputo yamegandana, nyota imekatika ncha moja, na waya wa taa umejifunga mafundo kama nywele zisizochanwa. Wapo wanaosema mambo hayo ni ya watoto. Kazini ni kazini, wanasema, mapambo yabaki majumbani na kwenye kumbi za harusi. Mimi nami niliwahi kusema hivyo, na ninakumbuka siku niliyoacha kusema hivyo.

Desemba ya mwaka 2000 nilikuwa karani, bado binti mdogo, katika ofisi moja ya ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka Posta, Dar es Salaam. Tulikuwa watu 14 katika chumba kimoja kirefu, meza zimepangwa kama darasani. Mshahara wa Novemba ulikuwa haujatoka, na hakuna aliyetuambia utatoka lini. Waliozoea kwenda kwao mwisho wa mwaka, Moshi, Bukoba, Songea, walikuwa wanapiga hesabu ya nauli ambayo hawana, na kila mmoja alijua nauli za mabasi ya stendi ya Ubungo zilivyokuwa zikipanda Desemba. Basi watu walikuwa wamenuniana. Unaingia asubuhi, unasema “habari zenu”, unajibiwa na mlio wa feni. Chai ya saa nne, ambayo zamani tuliinywa pamoja dirishani huku tukitazama magari, haikuwapo tena, maana ilikuwa Ramadhani na nusu yetu tulikuwa tumefunga. Hata waliokuwa wanakunywa, kila mmoja aliinywa mezani kwake amewapa wenzake mgongo. Nawakumbuka wawili waliokaa meza jirani, hatua moja kati yao, ambao walifikia kuandikiana vikaratasi ili wasisemeshane.

Asubuhi moja katibu muhtasi wetu, mama mmoja aliyeishi Kigamboni, aliingia na tawi la mvinje begani. Alikuwa amevuka nalo kwenye pantoni, katikati ya baiskeli na ndoo za samaki, kisha akalipandisha ngazi zote tatu kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Hakutuhutubia. Aliomba kopo kubwa la rangi lililobaki ukuta ulipopakwa, akalijaza mchanga na mawe, akalisimika lile tawi pale penye kona karibu na mashine ya fotokopi. Halafu akakaa mezani kwake akaendelea kupiga taipu.

Walio mbali na pwani pengine hawaujui mvinje vizuri. Ni mti wa ufukweni, wenye majani kama sindano ndefu laini. Upepo ukipita kati yake unavuma kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Wataalamu wa mimea hawauweki ukoo mmoja na msonobari, lakini kwa macho ya mtu anayetafuta mti wa Krismasi mjini Dar es Salaam, unatosha kabisa. Chumba chetu, ambacho siku zote kilinuka wino na vumbi la mafaili, siku ile kilinuka mti mbichi. Nadhani hiyo harufu ndiyo iliyotuinua vichwa kwanza. Macho yalifuata baadaye.

Kijana wetu wa utarishi akalishusha boksi. Waya wa taa ulikuwa wa zile za zamani, balbu zimefungwa kwa mfululizo, umeme ukipita kutoka moja kwenda nyingine kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akiondoka mstarini, maji hayafiki. Balbu moja ikifa, waya mzima unakaa giza, na hakuna dalili ya kukuonyesha ni ipi iliyokufa. Alichomeka, hazikuwaka. Akachomoa. Akaketi sakafuni na balbu moja ya akiba mkononi, akaanza kujaribu: anang'oa moja, anaweka ile ya akiba, anachomeka, hakuna kitu, anachomoa, anarudisha, anahamia ya pili. Balbu ya kumi. Balbu ya ishirini. Mara mtu wa kwanza akasogeza kiti: “Hebu nishikie waya huku usikunjamane.” Mwingine akaja kuhesabu. Mmoja wa wale waliokuwa wakiandikiana vikaratasi akaja kushika plagi, mwenzake akawa anang'oa balbu, na ili kazi iende ilibidi waambiane: “Chomeka.” “Chomoa.” “Chomeka.” “Chomoa.” Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya wiki mbili.

Kwenye balbu ya arobaini na kitu, taa zikawaka. Msikilizaji, tulipiga kelele kama watu walioona goli Uwanja wa Taifa. Meneja alifungua mlango wake akachungulia. Akazitazama taa, akatutazama, akaufunga mlango polepole, na hakuna aliyeambiwa arudi mezani.

Tulikuwa na mhasibu, mzee mmoja mzaliwa wa Pangani, mswalihina, aliyekuwa amefunga siku hiyo kama siku zote za mwezi ule. Kompyuta za wakati ule zilichapa kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na kila siku tulichana zile kingo zenye matundu tukazitupa. Yeye aliziokota. Alichukua mbili, akaziweka pembe kwa pembe, akawa anazikunja moja juu ya nyingine, hii juu ya ile, ile juu ya hii, vidole vyake vikienda kama vya mtu anayesuka ukili. Alipoivuta ikawa mnyororo mrefu wenye mikunjo, unaonepa na kurudi. Nikamuuliza, “Mzee, umejifunzia wapi?” Akasema udogoni kwao, maulidi yakikaribia, watoto ndio waliokuwa wakikata karatasi za kupambia, na asiyejua kukata alipewa kazi ya kukoroga gundi. “Mimi sikutaka kukoroga gundi, binti yangu.”

Kisha akakata herufi nne kubwa kutoka kwenye majalada ya mafaili yaliyochakaa, akazipaka wino mwekundu wa muhuri kwa kidonge cha pamba: H, E, R, I. Akazibandika ukutani juu ya mvinje. Tukasubiri aendelee. Hakuendelea. Katibu muhtasi akamuuliza, “Heri ya nini, mzee?” Akajibu huku akifuta vidole: “Heri. Kila mtu ataimalizia mwenyewe.”

Mwaka ule Krismasi iliangukia Jumatatu, katika siku za mwisho kabisa za Ramadhani, na siku mbili tatu baadaye mwezi ukaandama, ikawa Idd. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, kwa hiyo sikukuu zake zinazunguka majira yote na kurudi zilipoanzia baada ya takriban miaka 33. Kwa hesabu hiyo, Idd el Fitr na Krismasi zitakutana tena mwishoni mwa mwaka 2033. Sisi tuliokuwa pale hatukupiga hesabu hizo. Tulijua tu kuwa pambo letu ni moja na sikukuu ni mbili, na zile herufi nne zilitosha kwa wote.

Mshahara? Haukuja kwa sababu ya taa. Ulikuja Januari, pungufu. Sitaki mtu anisikie nikisema kuwa mapambo yanalipa deni la mwajiri, au kwamba mfanyakazi akiwekewa nyota ukutani anyamaze juu ya haki yake. Kwetu ilikuwa kinyume. Watu waliokuwa wameacha kusemeshana walipoanza kuzungumza juu ya balbu, wiki iliyofuata walizungumza juu ya mshahara, wakaandika barua moja yenye sahihi 13, wakaipeleka pamoja. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa anakwenda kunong'ona kwa meneja peke yake.

Ndiyo maana siku hizi nikiona kampuni imemwita mpambaji wa kukodi, amekuja na gari lake usiku, amefunga kila kitu, na asubuhi wafanyakazi wanakuta mti wa plastiki wa mita tatu umesimama mapokezi na maboksi ya zawadi yasiyo na kitu ndani, huwa nasikitika kidogo. Mti ni mzuri. Wapambaji wetu wa Dar es Salaam ni mafundi kweli, na wana haki ya kupata riziki. Lakini hakuna aliyeshika ngazi ya mwenzake, hakuna aliyekata karatasi, na baada ya siku mbili watu wanaupita kama wanavyoupita mtungi wa kuzimia moto. Mti wa mgeni anayeingia mlangoni na upambwe na fundi. Chumba mnachokaa kutwa nzima, pambeni wenyewe.

Wala msione haya kwa vifaa mlivyo navyo. Hizi taa zenyewe za kumetameta hazina umri mkubwa. Mwaka 1882, mjini New York, bwana mmoja aitwaye Edward Johnson, aliyefanya kazi na Thomas Edison, alifunga balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu kwenye mti nyumbani kwake, watu wakashangaa, maana walizoea kuweka mishumaa. Theluji ya pamba tunayoibandika kwenye matawi nayo ni ya nchi za baridi, ingawa mtu wa Moshi anaweza kusema ya kwake anaiona pale Kibo asubuhi mawingu yakifunguka. Sisi tuna vya kwetu. Tuna kuti la mnazi, ambalo likichanwa na kupindwa mlangoni kila mtu wa pwani anajua hapa kuna shughuli. Tuna mgomba unaosimikwa getini siku ya harusi. Uchagani wana isale, jani la amani na kuombana radhi, na sijui kama kuna pambo linalofaa zaidi katika ofisi ambayo watu wake wamenuniana. Kadi je? Mnakumbuka kadi za Krismasi na za Idd zilivyokuwa zikitundikwa kwenye uzi kutoka ukuta hadi ukuta, na mtu akija mezani kwako anazifunua moja moja kusoma nani kakuandikia? Simu imezimaliza. Lakini uzi bado upo, na karatasi zipo, na hakuna kinachowazuia watu 14 kuandikiana maneno mawili matatu kwa mkono.

Jambo la usalama nitalisema haraka, lakini mlishike. Mvinje mkavu ni kuni, tena kuni kali. Usiuache wiki tatu bila maji ukiwa umezungukwa na taa. Chomoa plagi kabla ya kubadili balbu, kama alivyofanya kijana wetu mara zile arobaini. Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni nyingine. Na wa mwisho kutoka ndiye anayezima.

Hapo kwenye kuzima ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo limenileta mbele ya kipaza sauti leo.

Tarehe 25 ile nilipita ofisini. Nilikuwa nimesahau kitambaa cha Idd mezani, kitambaa ambacho fundi cherehani alikuwa anakisubiri. Mtaa ulikuwa mtupu, maduka yamefungwa, kunguru tu. Mlangoni chini nikamkuta mlinzi wetu, mzee mwembamba mwenye koti la kaki, amekaa kwenye kibanda chake cha mbao, redio ndogo pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa daftari nisaini. Nikapanda. Ghorofa ya tatu ilikuwa giza, mapazia yamefungwa, mvinje umesimama na taa zake zimezimwa, ile HERI haisomeki. Nilipochukua kitambaa na kushuka, nikamwambia, kwa furaha tu ya kusema kitu, “Mzee, umeona tulivyopamba huko juu?”

Akasema, “Nilisikia kelele siku ile. Nikadhani mnagombana. Baadaye wakaniambia ni taa.” Akanyamaza kidogo. “Mimi juu sipandi, mwanangu. Kazi yangu hapa chini.”

Msikilizaji, mzee yule alikuwa zamu Krismasi. Alikuwa zamu siku inayofuata. Angekuwa zamu Idd mosi na Idd pili, na mkesha wa mwaka mpya. Sisi 14 tuliopamba tulikuwa majumbani kwetu na jamaa zetu, na pambo letu lilikuwa limefungiwa gizani likipamba viti. Mtu pekee aliyekuwa kazini sikukuu ile alikuwa na ukuta wa mbao usio na hata uzi. Na tulimpita mara mbili kila siku. Nilitembea hadi kituo cha daladala nikiwa na aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka inanichoma.

Fikirieni ni wangapi. Wauguzi wa zamu ya usiku, na waliolala mbele yao vitandani ambao hawakupanga kuwa hapo. Vijana wa zimamoto. Mafundi wa umeme wanaosubiri simu ya transfoma iliyoungua. Watu wa bandarini, maana meli haijui Krismasi. Waoka mikate, kwa sababu asubuhi ya Idd kila nyumba inataka mkate. Madereva na makondakta wanaowapeleka wengine kwao na kulala stendi. Na hapa redioni, fundi mitambo anayenitazama sasa hivi kupitia kioo, ambaye sauti za sikukuu mtakazozisikia nyumbani zitapita mikononi mwake akiwa peke yake chumbani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo sana. Mnapofungua lile boksi mwaka huu, kabla hamjagusa ukumbi mkubwa, ulizaneni: nani atakuwa hapa siku yenyewe? Anakaa wapi? Pambo la kwanza liende kwake. Liende kibandani, liende kwenye meza ya wauguzi mahali ambapo na mgonjwa analiona, liende kwenye chumba kile cha nyuma chenye birika na kiti kimoja. Na muulizeni mwenyewe kwanza anapenda nini, kwa kuwa si kila mtu anapenda vimulimuli vikimpiga machoni usiku kucha. Mwingine anataka nyota moja tu, au kadi yenye majina ya watu wote, au maua kwenye chupa. Mkimwekea na sahani ya pilau iliyofunikwa, mtakuwa mmefanya la maana zaidi.

Tarehe 27 asubuhi tulirudi kazini wachache, wenzetu wengine wakiwa bado mapumzikoni. Nikamweleza mzee wa Pangani nilichokiona. Hakusema neno. Alipanda juu ya kiti, akazibandua zile herufi nne kwa ncha ya rula, taratibu, asizichane, akazikusanya kama mtu anayekusanya karata. Kijana wa utarishi akauvua waya wa taa kwenye mvinje. Tukashuka navyo vyote. Mlinzi alisimama kando ya kibanda chake akiwa ameshika kofia, akitutazama tunavyopigilia misumari midogo ya viatu. Herufi tulizibandika juu ya dirisha lake dogo, zikitazama mtaani. Taa tukazizungushia ukingoni mwa paa, na waya tukaupitisha juu mahali mvua isipofika. Akaomba aruhusiwe kuchomeka mwenyewe. Alichomeka, zikawaka, ingawa mchana ule hazikuonekana vizuri. Akasema, “Tusubiri usiku.”

Siku ya Idd nilipita mtaa ule nikiwa na mama yangu na wadogo zangu, tumetoka kwa shangazi Upanga, tumevaa mapya. Nilitaka tu wamwamkie. Watu walikuwa wanapita kwa makundi, kanzu nyeupe, watoto na pipi mikononi, na wengi niliona wanapunguza mwendo pale kibandani, wanasoma, wanamwambia: “Heri, mzee!” Naye anajibu, “Heri, heri,” mkono kifuani.

Juu ya kila herufi alikuwa amechomeka kishada cha maua mekundu. Alikuwa ameyachuma alfajiri kwenye mkrismasi wa upande wa pili wa barabara, na bado yalikuwa na umande.